Sambusa Mia Mbili na Arobaini

Deeq alikuwa mchora mabango hodari kuliko wote mjini Garissa. Sifa hiyo usiistaajabie sana, maana walikuwa watatu, na mmoja mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Ukiona juu ya mlango wa bucha ngamia mwenye kope ndefu kama bibi harusi, huyo ni wake. Ukiona nje ya kliniki jino linalotabasamu, jino lenye meno yake lenyewe, hilo nalo ni lake. Alikuwa na miaka thelathini, burashi kumi na moja, na ngazi moja. Kitambulisho hakuwa nacho.

Si kwamba serikali haikumjua. Ilimjua kupita kiasi. Mwaka ule wa ukame, Deeq akiwa na miaka kumi na miwili, mama yake Istar alimpeleka Dadaab, wakajipenyeza kati ya wakimbizi, mtoto akaandikishwa kama mwana wa jirani kwa jina la Hamze, akabonyeza kidole kwenye mashine, wakarudi nyumbani na unga na mafuta ya kupikia. Unga uliisha kwa wiki mbili. Kidole kilibaki. Alipokuwa mtu mzima akaenda kuomba kitambulisho, mashine ilikionja kidole chake ikasema huyu ni Hamze, mkimbizi. Deeq alieleza. Mashine haikuwa na masikio. Basi mtu aliyeandikwa mara mbili akahesabiwa kuwa sifuri, na kwa miaka tisa akawa anabeba faili lake la plastiki kwenda kwenye ofisi ambayo watu wa mji huiita Makaratasi, anakaa, anangoja, anaambiwa arudi.

Maisha ya mtu sifuri yana taabu zake. Hawezi kupanda basi la Nairobi, maana atashushwa kabla hajazoea kiti. Laini yake ya simu ni ya dada yake. Na baba wa Hamdi, msichana wa duka la vitambaa pale soko la Suq Mugdi ambaye Deeq alitaka kumwoa, alikuwa amemwambia kwa upole wote wa dunia kwamba kijana anaonekana mzuri, ila yeye haozeshi binti kwa mtu ambaye hayupo.

Ukumbi wa Makaratasi ulikuwa na mabenchi, feni moja iliyozunguka kwa hiari yake, na madirisha mawili ya kuhudumia watu. Dirisha la kwanza alikaa Bwana Mwadime, karani mmoja tu, mpole, mwenye kichwa kinachouma. Dirisha la pili lilizibwa na kabati tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Watu walifika na giza la alfajiri, wakabishana nani kamtangulia nani, na mwezi wa nne ubishi ulipanda mpaka kioo kikavunjika na Bwana Mwadime akapigwa na chupa ya chai, yenye chai.

Wakubwa wakakutana. Wangeweza kuongeza karani. Wangeweza kusogeza kabati. Baada ya kutafakari kwa kina, wakaamua kupaka ukuta rangi.

Ndipo alipokuja Bi Nkatha kutoka Nairobi, mtaalamu wa shirika liitwalo Nafsi Tulivu, mwenye moyo safi na mtandio aliokuwa akiufunga upya kila dakika tano. Alimwajiri Deeq apake ukuta huo, akamweleza kwamba jicho la mwanadamu ni kama mbwa mwindaji, halipumziki mpaka likose cha kuwinda. Ukilipa umbo moja, tena lilelile, tena lilelile, mara mia mbili, litachoka kuwinda, pumzi itashuka, na hasira itaondoka. Utafiti umeonyesha. Kwa hiyo hakutaka ngamia. Hakutaka jino. Alitaka sanaa dhahania, yaani picha isiyo picha ya kitu chochote.

Deeq alimuuliza watu watakuwa wanatazama nini sasa.

"Hakuna," alisema Bi Nkatha, uso ukimng'aa. "Ndiyo maana yake."

Akamwambia achague umbo linalotoka ndani kabisa ya nafsi yake. Ilikuwa saa saba mchana na Deeq alikuwa hajala, kwa hiyo ndani kabisa ya nafsi yake kulitoka sambusa. Alikata pembetatu kwenye karatasi ya eksrei ya goti la mtu, akaibandika ukutani, akaanza kupaka, bluu juu ya nyeupe, pembetatu ishirini kwa mstari, mistari kumi na miwili.

Siku ya kwanza aliona aibu, kama mtu mzima aliyeambiwa arudie kuandika jina lake kwenye daftari. Siku ya pili mkono ulishika mwendo wake: bandika, paka, bandua, sogea. Siku ya tatu, kwenye mstari wa nane hivi, aligundua kwamba tangu asubuhi hakuwa amelifikiria faili lake hata mara moja. Lilikuwa limemtoka kichwani. Badala ya kufurahi, alishtuka akashuka kwenye ngazi. Wasiwasi ule ndio kitu pekee duniani chenye jina lake, nao ukiondoka atabaki na nini? Usiku akifumba macho aliziona pembetatu zinapanda, zinapanda, na alipofumbua aliziona kwenye neti. Bi Nkatha alipoambiwa habari hizo aliandika kurasa mbili, akamshukuru kama vile amemletea mbuzi.

Ukuta ukaisha siku ya Jumapili. Jumatatu alfajiri miongoni mwa waliofika alikuwa mama mmoja wa Ijara, Rukiyo, mwanamke mrefu mkavu aliyekuja kubadilisha kitambulisho chake cha zamani kilichofutika sura. Deeq, aliyekuwepo na faili lake kama kawaida, alimsalimu kwa heshima, eeddo, yaani shangazi, naye kama ilivyo desturi akamrudishia neno lilelile.

Rukiyo aliutazama ukuta kwa muda. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hii kazi nzuri, eeddo. Kule kwetu bombani mtu anaweka mtungi yake kwa laini, anaenda nyumbani kunyonyesha mtoto, anarudi, mtungi iko, nafasi iko. Hapa serikali imetuwekea mitungi." Akahesabu watu waliokuwa wamemtangulia kwa kulala nje ya mlango, akahesabu kwa kidole ukutani, akaishika pembetatu ya kumi na saba ya mstari wa juu. "Hii yangu."

Deeq alifungua mdomo amweleze juu ya jicho na mbwa mwindaji. Lakini aliyekuwa nyuma ya Rukiyo alishashika ya kumi na nane. Na aliyefuata akashika ya kumi na tisa, akamwonya aliyefuata kwamba akithubutu kuigusa watafika kwa chifu.

Kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa na sambusa yake; ndivyo walivyoziita, maana hakuna mtu mwenye njaa anayedanganywa na umbo. Habari ikaenea mpaka kwa wanaotoka Buna, siku mbili barabarani. Mtu aliweza kwenda kuswali, kunywa chai, hata kurudi kwao akamwangalie ngamia anayezaa, na akirudi sambusa yake ipo. Aliyehudumiwa anaondoka, wote wanasogea moja. Ugomvi ukafa palepale. Kukawa kimya ukumbini, kimya cha ajabu, watu themanini wamekaza macho ukutani, kila mmoja akilinda pembetatu yake isije ikaibwa kwa jicho la mwenzake.

Zikazuka hukumu pia, maana hakuna Msomali anayekaa siku mbili mahali bila sheria. Kubwa kuliko zote ilihusu sambusa ya kwanza kabisa, ile ya pembeni juu kushoto. Waliafikiana kwamba ukuta ni kama kisima, na aliyechimba kisima ndiye wa kwanza kunywesha mifugo yake siku maji yakipatikana. Kwa hiyo ya kwanza ni ya Deeq. Wa pili alikuwa Salah, kijana wa kuuza simu, ambaye alikubali kwa shingo upande na akawa anamwita Deeq "mzee wa kisima" kwa sauti ya mtu anayetafuna ndimu. Nafasi ile haikumfaa Deeq mara moja. Kwa Bwana Mwadime alikwisha kwenda mara mia. Kesi ya kidole kama chake husikilizwa na Kamati ya Uhakiki tu, na kamati hiyo ilikuwa haijaonekana kwa miezi kumi na minne. Aliyeelekezwa kwa kamati, kama Rukiyo, alibaki na sambusa yake ileile bila kusogea mpaka kamati ikae.

Bi Nkatha alirudi baada ya wiki nne. Alisimama mlangoni akawaona watu themanini wamekaa kimya kama wafu wenye adabu, wakiutazama ukuta wake, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa amebeba kifaa kidogo cha kubana kidole ili kupima mapigo ya moyo. Hapo ndipo alipata taabu, maana alipotamka neno kidole mikono yote ukumbini iliingia chini ya makalio. Hakuna aliyekuwa tayari. Aliandika kwamba wahudumiwa wamefikia utulivu kiasi cha kukataa kusumbuliwa. Bwana Mwadime alipoita anayefuata, na macho themanini ya kulia na themanini ya kushoto yakasogea hatua moja kwa pamoja, aliandika kwamba ameshuhudia mwendo wa macho ulioshikamana, jambo ambalo hata Ulaya halijawahi kuripotiwa.

Deeq aliona ni vibaya kumwacha mwanamke mwema kiasi hicho azame. Alimvuta kando akamweleza yote: mitungi, bomba, kisima, sambusa. Alimwambia watu hawakutulizwa na umbo, wametulizwa na kujua zamu yao, na kama wakubwa wanataka utulivu zaidi wasogeze kabati wafungue dirisha la pili.

Bi Nkatha alisikiliza kwa huruma. Alimwambia watu siku zote hujitungia maelezo ya kienyeji wakiguswa na jambo kubwa wasilolielewa. Kisha akaandika: msanii anapendekeza mwanga zaidi wa asili.

Alikuwa na habari mbili. Ya kwanza, Jumatatu ijayo mkurugenzi wa shirika lake angekuja kuuzindua ukuta, na siku hiyohiyo, ili apate cha kuonyeshwa, Kamati ya Uhakiki ingekaa. Siku moja tu, kesi ishirini tu. Deeq alilikumbatia faili lake kwa mikono miwili. Ya pili ni kwamba mkurugenzi ameona picha za ukuta na hajafurahi. Pembe kali huamsha hofu ya kale iliyomo ndani ya binadamu, hofu ya meno na miiba. Anataka maduara, yanayoingiliana, yasambae kutoka katikati, yasiwe na mwanzo wala mwisho, mtu asione kipi cha kwanza na kipi cha mwisho.

"Jumamosi na Jumapili ofisi imefungwa," alisema. "Ukimaliza kabla ya Jumatatu, mkurugenzi mwenyewe atachukua faili lako aingie nalo kwa kamati. Nimeshamwambia habari zako. Hutahitaji kungoja na hawa."

Alisema hivyo kwa nia njema, na ndiyo iliyomwuma Deeq. Miaka tisa hakuna mkubwa aliyewahi kulishika faili lile hata kwa bahati mbaya. Alikwenda nyumbani akiwa ameshakubali. Ijumaa alimwambia mama yake, na Istar, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuweza kulitaja neno unga bila kumtazama mwanawe kando, alimwambia apake maduara, apake mayai, apake chochote, achukue kitambulisho.

Jumamosi asubuhi mlinzi alimfungulia. Ukumbi ulikuwa mtupu na feni imelala. Deeq alikoroga rangi nyeupe ndoo nzima, akapanda ngazi mpaka kwenye pembetatu ya kwanza, yake, akachovya burashi.

Akaanza kuzitazama, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Ya kumi na saba: Rukiyo, ambaye alilala stendi ya mabasi siku tatu. Ya thelathini na mbili: yule baba wa mapacha wasio na vyeti. Ya sitini na kitu: msichana wa chuo cha ualimu ambaye bila kadi hataruhusiwa kukaa mtihani. Alijaribu kuziona kama Bi Nkatha alivyotaka zionekane, umbo moja, tena lilelile, tena lilelile. Hazikuonekana. Hata mbili tu zilizofanana alizikosa. Alifikiria Jumatatu asubuhi, watu mia mbili mbele ya maduara yasiyo na mwanzo, nafasi ishirini, na Bwana Mwadime nyuma ya kioo kipya.

Alikaa juu ya ngazi mpaka rangi ikaanza kuota ngozi. Kisha akashuka, akachukua burashi nyembamba ya kuchorea kope za ngamia, na kwa siku mbili nzima akafanya kazi ya kipuuzi kuliko zote alizowahi kufanya: alizungusha kila pembe ya kila pembetatu, pembe mia saba na ishirini, mpaka zikawa laini kama sambusa zilizojazwa nyama kupita kiasi. Hakuna iliyohama mahali pake.

Jumatatu Bi Nkatha alipoingia alifungua mtandio wake akasahau kuufunga. Aliuliza maduara yako wapi. Deeq alisema pembe kali ameziondoa zote, dada, hofu ya kale haina pa kukaa. Bi Nkatha hakumfokea, hakuwa mtu wa kufoka. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba yeye alikuwa amejitahidi kumsaidia. Mkurugenzi alipofika akasimama mbele ya ukuta kwa dakika nne, akatamka kwamba ulaini wa pembe unagusa, akapigwa picha na akaondoka kwenda kula. Deeq hakuitwa kutambulishwa, na faili lake likabaki mkononi mwake lilipokuwa miaka yote.

Basi aliingia kwa mlango wa kila mtu. Kamati ilipoita wa kwanza, ukumbi mzima ulimgeukia, na Salah akamwambia, "Ingia, mzee wa kisima. Usinywe yote."

Mle ndani walikuwa watatu, na mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Jawahir, mwenye miwani na mhuri. Alisoma faili lote, jambo ambalo lilimtisha Deeq kwa ugeni wake. Alisema kesi ya unga anaijua, anazo mia. Mama aliyempeleka ameandika kiapo, cheti cha shule kipo. Linalokosekana ni shahidi mmoja asiye wa nyumba yake, wa kuthibitisha kwamba yeye ndiye Deeq na si Hamze.

Deeq alisema pale nje kuna watu mia mbili wanaomjua kwa jina.

"Wana vitambulisho?"

Watu mia mbili walikuwa wanamjua, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo kisheria. Jawahir alimtazama juu ya miwani akamwambia kamati inaondoka saa kumi, na kwamba akitoka bila shahidi, kikao kijacho Mungu ndiye anajua.

Ndipo alipokumbuka mmoja aliyekuja kubadilisha kadi, si kuomba. Alitoa kichwa nje ya mlango akamwomba Eeddo Rukiyo aingie amshuhudie.

Rukiyo alisimama, kisha akakaa tena. Alisema yeye ni wa kumi na saba. Kadi yake mwenyewe ilihitaji kupitia kamati hii kwa sababu sura imefutika, na mtu ndoo yake ikishashuka kisimani amekwisha kunywa, hawezi kurudi kwenye foleni akateka mara ya pili. Akiingia kwa ajili ya Deeq zamu yake imekwenda. Alisema kwa masikitiko, bila ukali, na watu waliokuwa karibu wakatikisa vichwa. Sheria ni sheria.

Deeq alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani. "Basi chukua yangu," alisema. "Mimi sijamaliza, kwa hiyo ya kwanza bado ni yangu. Nakupa wewe. Uingie kama wa kwanza, kwa shida yako, na ukiwa humo ndani waambie wakuulize kama unanijua."

Ukumbi ukaingia kazini. Je, mtu anaweza kutoa zamu? Mzee mmoja alisema hapana, zamu si zawadi. Mwingine akasema ya mtu wa kawaida hapana, ila aliyechimba kisima anaweza kumtanguliza amtakaye, hata mgeni, na huyu, kama mama yake alivyolalamika mji mzima, aliahidiwa kitambulisho akizifuta, badala yake akakaa siku mbili akizungusha kila sambusa kwa burashi ya kope wala hakuhamisha hata moja. Wote wakamgeukia Salah, kwa sababu ndiye angeumia.

Salah alitafuna ndimu yake kwa muda. Alijua kwamba kesi ishirini ni ishirini, na ya Rukiyo ingekuwemo hata hivyo.

"Yeye wa kumi na saba, mimi wa pili," alisema. "Mradi nabaki wa pili. Aende, buda. Lakini aingie haraka."

Rukiyo akaingia. Aliweka mezani kadi yake iliyofutika sura, ambayo namba yake bado ilisomeka, akaulizwa anamjua huyu kwa muda gani. Alisema kwa wiki tano, kila siku kuanzia alfajiri. Jawahir aliona muda ni mdogo. Rukiyo alisema yeye ana dada yake Ijara anamjua kwa miaka arobaini na hajui kama angeiacha ahadi ya kitambulisho ili asifute zamu za watu kwa ndoo ya rangi, huyu ameiacha. Hamze hamjui. Deeq ndiye huyu. Jawahir aliwatazama wenzake, akauinua mhuri, akaupiga mara mbili, moja kwa faili la plastiki na moja kwa kadi ya zamani, na akasema Hamze ataondolewa kwenye mashine na kadi itatoka baada ya miezi mitatu.

Deeq alitoka akamtumia Hamdi ujumbe kwa laini ya dada yake. Kisha alikaa kwenye benchi la mwisho. Macho mia mbili ya kulia na mia mbili ya kushoto yalisogea moja. Hakuwa tena na sambusa ukutani. Akautazama ukuta kama mtu anavyotazama ukuta, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mstari wa tisa umepinda, tena umepinda vibaya, unashuka kulia kama kitanda kilichovunjika mguu. Uso ulimwaka. Wiki tano, watu mia mbili, mtaalamu, mkurugenzi, na yeye mwenyewe siku mbili na burashi ya kope, na hakuna aliyeliona.

Alimwinamia baba wa mapacha, aliyekaa kando yake, akamwuliza kwa sauti ya chini kama na yeye ameuona ule mstari wa tisa.

"Mimi yangu iko mstari wa pili," alisema yule baba, bila kugeuza macho.